Baba Alibakiwa na Neno Moja

Shangazi alifika na mchele wa Kyela kilo kumi na kanga ya kuvaa akiwa jikoni, maana alikuja kukaa. Hakuwa amemwona kaka yake tangu atoke hospitali. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono wa kulia uliolegea, akalia kidogo, akajifuta. Kisha akauliza swali ambalo kila mgeni humuuliza mgonjwa.

"Kaka, umekula?"

"Bado," akasema baba.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa nimetoka kumlisha uji wa ulezi na ndizi za kuponda, karibu saa nzima, kijiko kwa kijiko, kidevu kimeinama ili asipaliwe. Bakuli lilikuwa hapo hapo chini ya kiti.

"Na jana? Jana ulikula?"

"Bado."

Shangazi akanigeukia bila kusema kitu. Kufika jioni, upande wote wa ukoo ulioko Kyela ulikuwa na habari kwamba dereva wa Coaster anamuua baba yake kwa njaa ili arithi migomba.

Sasa nacheka nikiandika. Siku ile nilitoka nje nikalipiga teke debe la maji, likamwagika lote.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34, na mzee wa kanisa la Moravian kwa muda mrefu kuliko huo. Ni mtu ambaye hata akikunyima kitu alikupa sababu tatu na mfano kutoka Agano la Kale. Mei 2019, akiwa na miaka 71, aliamka akakuta upande wa kulia haumsikii. Presha alikuwa nayo siku nyingi, dawa alikuwa ameziacha kwa sababu alijiona mzima. Hospitali walituambia ni kiharusi, na kwamba kimepiga upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko yanakokaa maneno. Tulipomrudisha nyumbani, kijijini kwetu nje kidogo ya Tukuyu, alikuwa na neno moja tu. Unaumwa? Bado. Maji? Bado. Nikuzimie taa? Bado. Nakupenda, babu, alisema mwanangu wa mwisho. Bado.

Halikuwa na maana ya "bado". Hilo lilinichukua muda kulielewa. Alilisema kwa sauti ya kukubali, ya kukataa, ya kukasirika, ya kuomba. Alikuwa anajaribu kusema maneno mengine na kila alipofungua mdomo lilitoka lile lile. Macho yake yalikuwa yanalisikia likitoka, yanaona kwamba silo. Watu walisema mpeni karatasi aandike. Mwalimu wa miaka 34 akashika kalamu kwa mkono wa kushoto akachora mistari miwili, akaitazama, akaisukuma karatasi. Maradhi haya yakichukua maneno ya mdomo, mara nyingi huchukua na ya kalamu.

Mama alikuwa ameshatangulia. Na hapa inabidi niseme jambo la kwetu. Unyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe hawakaribiani. Zamani mwanamke akimwona baba mkwe anakuja, aliiacha njia akaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha, kanisani wanapeana mikono. Lakini baba na mke wangu waliendelea kuheshimiana kwa mtindo wa wazee: salamu za mbali, macho chini. Kumwogesha na kumbadilisha lisingewezekana, na nisingethubutu kumwomba. Mke wangu alipika, akafua, akaacha vyombo mlangoni. Mle ndani nilikuwa mimi.

Nimesikia wanaume wengi wakishuhudia kanisani jinsi walivyouguza wazazi wao. Ukiuliza vizuri, aliyeuguza ni mke. Mimi nisingekuwa tofauti. Ni mila tu ilinibana.

Naendesha Coaster ya mtu kati ya Mbeya na Kyela. Kazi hii ni ya saa. Ukichelewa foleni umepoteza zamu, ukipoteza zamu hesabu ya tajiri haitimii, isipotimia unaongezea mfukoni mwako. Kwa hiyo ninavyofikiri, nafikiri kwa dakika. Uyole dakika mbili. Kiwira dakika tano, abiria wanunue ndizi. Safari ya alfajiri ndiyo yenye pesa, na hiyo ndiyo niliyolazimika kumwachia deiwaka, dereva wa kunishikia zamu, ili nimwamshe baba, nimwogeshe, nimlishe, nimnyooshe mkono na mguu kama tulivyofundishwa. Nilikuwa nafika stendi saa tatu, nimeshachoka, wenzangu wameshapiga trip moja.

Mtaalamu wa usemi hatukumpata. Kijana wa mazoezi ya viungo alikuja mara nne au tano, na yeye ndiye aliyeniambia neno ambalo sikulipenda. Alimwonyesha baba kikombe, akamuuliza hiki nini, akanyamaza. Baba akaanza: ba, ba, ka. Mimi nikasema, "Kikombe!" Kijana akanitazama.

"Mzee, ukimmalizia unamnyang'anya."

"Si namsaidia?"

"Unajisaidia wewe. Wewe ndiye huwezi kukaa kimya."

Mtoto mdogo huyo, hata ndevu hana. Nilimlipa nauli, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikiwa nimevimba.

Basi nikaamua kuwa mvumilivu. Naliandika hivyo kwa makusudi, kwa sababu ndivyo nilivyolichukua: kama uamuzi, kama mtu anavyofunga mkanda. Nilivumilia alipomwaga uji. Nilivumilia kubadilisha shuka usiku wa manane, na Tukuyu mwezi wa Juni maji ya bombani yanauma mpaka kwenye mifupa. Walikuja wanamaombi wa mtaa wa pili wakataka kumkemea pepo bubu, nikawavumilia na wao, mpaka mmoja alipompigia kelele sikioni nikamtoa nje. Jumapili watu walinishika mkono: hongera, Mungu atakulipa. Nikaanza kuamini kwamba ananidai baba na mimi namdai Mungu.

Kiswahili chetu kinatuponza hapa. Tunavumilia baridi, tunavumilia njaa, tunavumilia barabara mbovu. Neno hilo hilo ndilo lililoko 1 Wakorintho 13:4, "Upendo huvumilia, hufadhili", na ndilo tunalosoma kwenye kila harusi. Nakumbuka dada yangu alipokuwa anapigwa kwa mume. Alipelekwa kwenye kikao, akasomewa mstari huo na wazee wenye suti, akaambiwa arudi akavumilie. Baba alikuwa mzee wa kanisa katika kikao hicho. Alisimama akasema, "Paulo hajaandika upendo huvumilia ngumi." Kesho yake alikodi Canter, akaenda mwenyewe kumchukua binti yake na kitanda chake na mitungi yake ya maji. Watu walimsema mwaka mzima.

Mwezi wa Julai mchungaji alikuja kumletea Meza ya Bwana nyumbani. Tulikuwa watu saba chumbani, mvua inapiga bati. Tulipofika kwenye Baba Yetu, nikasikia sauti ya nane. Baba alikuwa anaisema. Si kuimumunya, kuisema, kila neno mahali pake: jina lako litukuzwe, ufalme wako uje, utupe leo riziki yetu. Shangazi alishika mdomo. Mzee mmoja akaanza kulia. Tulipomaliza mchungaji akamshika bega akamuuliza, "Mwalimu, unajisikiaje?"

"Bado," akasema baba.

Wako waliotoka pale wakisema anajifanya. Kijana wa mazoezi alinieleza baadaye kwamba ndivyo ilivyo kwa wengi: mtu hawezi kuomba maji, lakini wimbo aliouimba tangu utotoni au sala aliyoikariri inatoka nzima, kwa sababu haitafutwi neno kwa neno, inakuja yenyewe kama miguu inavyojua njia ya nyumbani.

Siku hiyo mchungaji alibaki akanywa chai, nikamlalamikia. Nilimwambia navumilia mpaka nimefika mwisho. Hakunihubiria. Alisema tu kwamba katika Kigiriki alichoandikia Paulo, neno la mstari wa 4 si lile la kubeba mzigo. Ni la mtu ambaye hasira yake iko mbali, inachukua muda mrefu kufika. Ni la jamii moja na lile walilotumia Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki, pale Kutoka 34 Mungu anapopita mbele ya Musa na kutangazwa kuwa "si mwepesi wa hasira". Lile "huvumilia yote" la mstari wa 7 ni neno jingine kabisa, la kufunika, kama paa linavyofunika nyumba. Akamaliza chai, akaomba mwavuli, akaondoka.

Nilielewa. Kuelewa hakukunisaidia kitu wiki iliyofuata.

Ilikuwa siku ya kazi, umeme umekatika tangu usiku. Nilivaa gizani, nikamwogesha baba kwa mwanga wa simu, nikamlisha. Deiwaka alikuwa anaumwa, kwa hiyo safari ya kwanza ilikuwa juu yangu. Nikawa nimeshika ufunguo nakwenda mlangoni, baba akaniita. Kuniita kwake ni kugonga ukingo wa kitanda kwa mkono wa kushoto.

Nikarudi. Akaninyooshea kidole kifuani. "Bado."

"Nini, baba?"

Akajishika shingoni, kisha akanionyesha tena mimi. "Bado. Bado, bado."

"Kifua kinabana?" Akatikisa kichwa. "Unapaliwa?" Hapana. "Baridi?" Nikamletea sweta lake, akalisukuma. Nikamletea blanketi, akalisukuma likaanguka chini. Maji, hapana. Choo, hapana. Simu ikaita, konda, sikupokea. Baba akaanza kutafuta neno. Midomo ikakaza, shingo ikatoka mishipa. "S," akasema. "S, s, sh." Nikasema shuka? Shati? Shangazi? Kila nilipotaja neno alilokuwa akilitafuta lilikimbia, niliona kabisa usoni likikimbia, akaanza upya. Simu ikaita mara ya pili.

Nikampigia kelele. Baba yangu mzazi. Nilisema, "Baba, si useme basi!"

Useme. Kwa mtu ambaye hana cha kusemea.

Alishusha mkono. Akageuza uso ukutani, upande ule ambao bado aliweza kuugeuza. Nikaokota blanketi, nikalitupa mguuni pake, nikatoka.

Stendi nilikuta gari limejaa, abiria wamenuna. Nikapanda, nikawasha. Konda akachungulia dirishani kuniambia kitu cha nauli, akaacha katikati, akacheka.

"Bosi, leo umegeuza sweta."

Nikajishika shingoni. Kitambaa cha chapa kilikuwa nje, hapa mbele ya koo. Mishono yote nje, kama mtu aliyevalia usingizini.

Sweta. S, s, sh.

Sikumbuki kitu kingine cha safari ile. Najua tulifika Kyela kwa sababu watu walishuka. Nilichokuwa nacho kichwani ni kidole kile cha kushoto. Tangu Mei, kila baba alipofungua mdomo nilihesabu ni ombi. Kwamba anataka maji, anataka kugeuzwa, anataka kitu kwangu, na mimi hodari nalivumilia. Asubuhi ile hakuwa anataka kitu. Alikuwa anamwangalia mwanawe akienda mbele za watu amevaa vibaya, anataka kumsitiri. Alikuwa kazini, kama alivyokuwa kazini siku zote, na mimi ndiye niliyemfukuza kazi.

Nilirudi saa mbili usiku. Sweta sikuligeuza, nililiacha hivyo hivyo mchana kutwa; joto la Kyela lilinichoma na watu walinicheka vya kutosha. Nikaingia chumbani nalo, nikasimama mbele yake, nikajionyesha shingoni. Uso wa baba upande wa kulia haucheki, lakini wa kushoto ulicheka mpaka jicho likafunga.

Nikakaa kitandani. Nikamwambia, "Baba, nilikosa. Nisamehe." Akanyamaza ananitazama. Nikasema tena, "Umenisamehe?"

"Bado," akasema.

Tulicheka mpaka mke wangu akagonga mlango kuuliza kuna nini. Baba alinishika kisogo kwa ule mkono mzima akakivuta kichwa changu mpaka begani kwake, kitu ambacho hakuwahi kunifanyia tangu nikiwa darasa la pili.

Baada ya hapo sikugeuka malaika. Nimeshampandishia sauti tena, mara mbili ninazozikumbuka na nadhani nyingine ambazo yeye anazikumbuka. Kilichobadilika ni kimoja: nilianza kuwa na hamu ya kujua anataka kusema nini. Ukiwa na hamu na habari, kuisubiri si kazi ngumu sana. Abiria anayesubiri mtoto wake anayetoka masomoni hasemi anavumilia stendi.

Tulitumia kitabu cha neno la siku. Baba alikuwa nacho kila mwaka bila kukosa, na vijana wa kipaimara aliwachosha na historia yake: jinsi ndugu wa Moravian wa Herrnhut, kule Ujerumani, walivyoanza mwaka 1728 kupelekeana mstari mmoja nyumba kwa nyumba kila siku, na jinsi kinavyochapwa kila mwaka tangu kile cha 1731. Nilikuwa namsomea mstari wa siku polepole, nikiliacha neno la mwisho. Halafu nanyamaza. Mwanzo nilihesabu moyoni mpaka thelathini ili nisiropoke. Baadaye nikaacha kuhesabu, nikawa naangalia. Unajua ukikaa kimya na mtu hivyo unaona mengi. Niliona kwamba neno likikaribia, kidole gumba cha kushoto kinasugua shuka. Likipotea kinaacha. Miezi yote ile kidole kilikuwa kinasema na sikuwahi kukitazama.

Neno la kwanza jipya halikutoka kwenye Biblia. Ilikuwa Septemba, asubuhi, nimempa chai. Akaonja, akakikataa kikombe. Kidole kikaanza kusugua. Simu ikaita, nikaizima. Nikakaa. Jogoo aliwika, mtoto akapita na ndoo, ikaenda kama dakika nne au tano, na dakika tano kwa dereva ni Kiwira nzima.

"Chu," akasema. "Chu... m... chumvi."

Nikaonja chai. Nilikuwa nimetia chumvi badala ya sukari.

Nililiandika kwenye daftari la hesabu za gari, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu: chumvi, tarehe 14. Daftari hilo sasa lina maneno 61. Mengine yanakuja na kuondoka. "Ndaga", asante ya kwetu, ilikuja mapema kuliko asante ya Kiswahili. Jina la mama lilikuja usiku mmoja bila mtu kuliuliza. "Mkwe" lilikuja akiwa ananionyesha mlango, kule vyombo vinakoachwa. Nikaenda kumwambia mke wangu kwamba umetajwa, akajifunika uso kwa khanga.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa na neno la siku, limegoma kabisa. Nilikuwa nimeinama namfunga kamba za viatu, maana siku hizi anatembea kwa fimbo mpaka barazani. Simu yangu ilikuwa kitandani, ikaita. Kabla sijainuka baba ameshaichukua kwa mkono wa kushoto, akabonyeza, akaiweka sikioni. Nilimsikia konda kwa sauti yake ya stendi.

"Bosi, umeshatoka?"

Baba alinitazama, akaangalia kiatu cha pili ambacho hakijafungwa.

"Bado," akasema, akakata simu.